Siku Kumi na Moja za Mwalimu wa Taba

Asubuhi ya Januari, kabla mawingu hayajapanda, ukisimama mbele ya jengo la mikutano la AICC jijini Arusha unauona Mlima Meru mzima, hadi mikunjo ya makorongo yake. Jengo lenyewe lina mbawa tatu zenye majina makubwa: Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Mgeni angedhani ni mahali pa kupangia safari za watalii. Kumbe ndani ya kuta hizo, kwa miaka mingi, watu walikaa nyuma ya kioo kinene, vipokea sauti masikioni, wakisikiliza kwa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza jinsi jirani alivyomuua jirani.

Hiyo ilikuwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiunda Novemba 1994, na ilifunga milango Desemba 31, 2015, ikiwa imewashtaki watu 93. Sisi wa Arusha tuliizoea. Tuliyazoea magari meupe ya UN, tukawasikia wenye nyumba wakitaja kodi kwa dola. Yaliyokuwa yakisemwa mle ndani yalitupita. Si vibaya kuyarudia, kwa sababu kesi moja kati ya zile ina funzo linalomhusu kila mwenye cheo, mwenye mimbari na mwenye mtoto wa kulea.

Jean-Paul Akayesu alikuwa mwalimu, baadaye mkaguzi wa shule. Mwaka 1993 akawa mkuu wa tarafa ya Taba, mkoani Gitarama, katikati ya Rwanda. Mkuu wa tarafa wakati ule alikuwa kama baba wa watu wote. Walimwendea hata kwa mambo yasiyoandikwa kwenye sheria, wakiamini kwamba akisema neno, neno limesemwa.

Mauaji ya Watutsi yalipoanza Kigali tarehe 7 Aprili 1994, mwalimu huyu hakukimbilia panga. Majaji waliomtia hatiani ndio walioandika kwamba katika siku za mwanzo alijaribu kulinda amani. Wanamgambo wa Interahamwe walipotaka kuingia Taba aliwapinga, tena kwa nguvu. Kwa siku kumi na moja, mkoa jirani ukiungua, Taba ilikuwa na mtu wa kusema hapana.

Tarehe 18 Aprili wakuu wa tarafa waliitwa mkutanoni huko huko Gitarama. Serikali ya mpito ilikuwepo, na waziri mkuu wake, Jean Kambanda. Akayesu alikwenda. Aliyerudi alikuwa mtu mwingine. Alfajiri ya kesho yake, mahali paitwapo Gishyeshye, watu zaidi ya mia walikuwa wameizunguka maiti ya kijana mmoja wa Interahamwe. Akayesu akasimama mbele yao, akawahimiza waungane kummaliza adui mmoja. Hakuna aliyeuliza adui huyo ni nani. Wote walielewa kuwa anasemwa Mtutsi.

Upande wa mashtaka ulieleza jambo dogo ambalo mimi halinitoki: kwamba alivua koti lake la kiraia akavaa koti la kijeshi. Kabla mkono haujabadilika, vazi lilikuwa limekwisha kubadilika. Mtu anayetaka kufanya asichoweza kukifanya kwa jina lake mwenyewe hutafuta kwanza nguo ya kukifanyia. Wengine huvaa sare, wengine joho, wengine neno "maagizo kutoka juu". Akishaivaa, yule wa ndani anayeuliza maswali haulizi tena, maana aliyetenda ni koti.

Yaliyofuata yanaumiza kuyasimulia. Ofisi ya tarafa, ambako watu walikimbilia wakitegemea ulinzi wa baba yao, iligeuka mahali pa kupigwa, kuuawa, na wanawake kunajisiwa. Mashahidi walikuja Arusha wakiitwa kwa herufi tu, JJ, KK, majina yao yakifichwa nyuma ya pazia, wakaeleza. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ilimtia hatiani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Mwezi uliofuata alipewa kifungo cha maisha.

Utetezi wake ulikuwa ule tunaoutoa sote: sikuwa na uwezo, polisi walikuwa wachache, ningefanya nini? Majaji hawakuudharau. Hawakumtia hatiani kwa hoja kwamba Interahamwe walikuwa watu wa chini yake, kwa kuwa hati ya mashtaka haikudai hivyo. Walimhukumu kwa aliyoyatenda na kuyasema yeye mwenyewe. Wakaongeza jambo ambalo kila mzee wa kikao angelitafakari: kuwapo kwake pale ofisini, akiona na asikataze, kuliwapa watenda maovu ujumbe kwamba wameruhusiwa. Mtu wa kawaida akinyamaza, amenyamaza. Mwenye cheo akinyamaza, ametoa kibali.

Sasa tuulize: ile sauti ya siku kumi na moja ilikwenda wapi?

Wakristo wanasoma katika Waraka kwa Warumi kwamba sheria imeandikwa moyoni, na dhamiri ya mtu ndiyo shahidi wake, hata kwa asiyepata torati. Waislamu wanaijua nafsi inayojilaumu, ile iliyotajwa mwanzoni mwa Surat al-Qiyama, na wameonywa kwamba matendo maovu huufunika moyo kama kutu. Wazee wetu wasiosoma kitabu chochote walisema nafsi inamsuta, kana kwamba ndani ya mtu kuna shangazi asiyelala. Upande wa wasioegemea dini, mwanafalsafa Hannah Arendt, aliyefuatilia kesi ya Eichmann, ofisa wa Wanazi, kule Jerusalem mwaka 1961, aliona kwamba uovu mkubwa unaweza kutendwa na mtu aliyeacha tu kuzungumza na nafsi yake. Wengine watakuambia dhamiri ni malezi, sauti ya mama na mwalimu iliyobaki kichwani baada ya wao kuondoka.

Watu wamebishana karne nyingi juu ya inakotoka sauti hiyo. Taba inatuonyesha kwamba kuna swali zito zaidi: sauti hiyo itasimama juu ya nini siku itakapobaki peke yake? Akayesu alikuwa nayo. Kilichomshinda ni kuibeba nje ya chumba ambamo wakubwa wote walikuwa wanasema kinyume. Kabla ya tarehe 18 hapana yake ilikuwa na kiti cha kuegemea: yeye ndiye mkuu, na wakubwa walikuwa hawajasema. Waliposema, ilibidi achague kati ya hapana na kiti. Akachagua kiti.

Elimu haikumwokoa, naye alikuwa mwalimu. Dini nayo haiokoi kwa kuvaliwa tu. Katika mahakama hiyo hiyo ya Arusha, mwaka 2003, alihukumiwa mchungaji Elizaphan Ntakirutimana. Wachungaji wenzake wa Kitutsi, waliokimbilia na familia zao kwenye eneo la kanisa kule Mugonero, walimwandikia barua kumwambia kwamba kesho wanauawa, wakimwomba awasaidie. Kesho ilifika wakauawa.

Hata kukiri kuna namna zake. Kambanda, yule wa mkutano wa tarehe 18, alisimama kizimbani Arusha Mei 1, 1998 akakiri makosa yote. Hakuna kiongozi wa serikali aliyewahi kukiri kosa la mauaji ya kimbari kabla yake. Septemba, kabla ya adhabu, majaji walimpa nafasi ya kusema lolote. Hukumu inaeleza kwamba hakuonyesha majuto wala huruma kwa waliokufa. Baadaye akataka kukifuta hata kule kukiri, na rufaa yake ikakataliwa. Padri atakwambia toba bila majuto si toba, shehe atakwambia vivyo hivyo, na wale majaji, ambao hawakuketi kwa jina la dini yoyote, nao waliona kuna kitu kimepungua.

Mtu atasema: kwa hali ile hapakuwa na la kufanya. Basi amsikie Zura Karuhimbi, mwanamke mganga wa kienyeji wa kijiji cha Musamo, Ruhango, ambaye nyumba yake ndogo iliwaficha watu zaidi ya mia moja. Bunduki hakuwa nayo, cheo hakuwa nacho. Alijua majani yanayowasha ngozi, akayapaka mwilini mwake na nyumbani, ili atakayegusa awashwe. Wauaji walipofika alitikisa bangili zake, akawatisha kwa hasira ya roho iitwayo Nyabingi na ya mizimu. Wale wenye mapanga, ambao hawakuogopa kanisa wala sheria, wakamwogopa bibi. Alifariki Desemba 2018. Bibi huyu hakungoja kuwa na uwezo wa kulizuia jeshi. Alitumia kile alichokuwa nacho mlangoni pake. Akayesu naye hakutakiwa kuyashinda mauaji ya nchi nzima. Alitakiwa asijiunge.

Tusilitazame hili kama jambo la Rwanda peke yake. Tarehe 18 ya mtu huja kwa sura ndogo. Karani anaona gunia la lumbesa likijazwa hadi linashonewa nyongeza shingoni, mkulima aliyeteremka na viazi kutoka miteremko ya Meru analipwa kwa gunia moja, na karani anaandika gunia moja kwa sababu ndivyo kila mtu anavyoandika. Kikao cha ukoo kinamnyima mjane shamba la mumewe, na mzee anayejua wosia wa marehemu anatazama kiatu chake. Kamati ya msikiti au ya usharika inajua pesa zimekwenda wapi, ila mlaji ni mtu mkubwa. Hakuna damu hapo, lakini koti linapimwa. Bandu bandu huisha gogo, na aliyezoea kutazama kiatu chake kwenye kikao cha shamba hatainua macho siku watakayotaka roho za watu.

Kwa hiyo anayelea mtoto asiishie kumfundisha lipi jema na lipi baya. Hilo Akayesu alilijua, na kwa siku kumi na moja alilionyesha. Amfundishe pia kupoteza: kuacha zawadi, kusimama peke yake darasani, kurudi nyumbani bila cheo na bado akala chakula chake kwa raha. Asiyejua kupoteza kitu kidogo hawezi kuambiwa na dhamiri yake aache kikubwa.

Majalada ya kesi zile hayajaondoka Arusha. Yamehifadhiwa Lakilaki, wilayani Arumeru, katika majengo ya taasisi iliyorithi kazi ya mahakama, kwenye barabara iliyopewa jina la Haki. Ndani yake, kabla ya kurasa za hatia, zipo kurasa zinazosema kwamba mtu huyu alianza vizuri.