Mkate wa Siku Moja Moja

Yafaa kuulizwa kama starehe ya nadra ni ya nyumba nzima, au ni ya walao tu. Katika Arusha na vijiji vya mitelemko ya Mlima Meru, ndizi, mahindi na maharagwe vilitangulia mkate. Siku hizi mkate wa dukani hupatikana kila asubuhi. Ule wa nyumbani hungoja Krismasi, Idi, au mgeni mwenye heshima.

Itazamwe kazi yake. Unga wa ngano hukandwa kwa hamira na maji vuguvugu, ukafunikwa, ukangojwa uumuke. Mji uko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari. Hewa nyepesi huharakisha donge, baridi ya Julai hulichelewesha. Basi mkandaji hana saa ya kufuata ila jicho lake. Asiye na tanuri hupanga makaa chini ya sufuria na juu ya kifuniko. Ya juu yakizidi, uso huungua na moyo hubaki mbichi.

Mpenda hesabu atasema mkate huu ni ghali kuliko wa dukani. Lakini amehesabu unga na mkaa, akasahau mkono. Mara nyingi mkono huo ni wa mama, naye huketi wa mwisho, chai imekwisha poa. Uadimu wa mkate humwongezea kazi siku ambayo wengine wamepumzika. Na sifa apewazo ni malipo mepesi, tena hutoka katika vinywa vilivyojaa. Wako akina mama wapendao kukanda, wasiotaka kunyang'anywa donge. Hao waachiwe, mradi makaa yapepewe na mwingine.