Nani Aliyekuwa Akililipia Joto?

Januari 2024, baridi kali ilipoipiga Chicago, madereva wa magari ya umeme walikaa saa nyingi kwenye foleni za vituo vya kuchajia. Betri zilikuwa baridi mno, chaji ikaingia kwa kusuasua, na baadhi ya magari yakaishia kuvutwa. Wasioyapenda magari hayo walipata la kusema. Lakini chini ya mkasa ule kuna swali la zamani kuliko gari lenyewe: binadamu ana haki ya starehe kiasi gani, na ni lazima aijue gharama yake?

Mwaka 2019 chama cha madereva cha Marekani, AAA, kilipima magari matano ya umeme katika baridi ya takriban nyuzi 7 chini ya sifuri. Hita ikiwa imezimwa, masafa yalipungua kwa wastani wa asilimia 12. Ilipowashwa, yalipungua kwa asilimia 41. Gari la kwenda kilomita 400 lingeishia kama 236.

Baridi, basi, si mlaji mkuu. Mlaji mkuu ni hamu ya watu kukaa kwenye joto.

Gari la petroli lilituficha jambo hili kwa zaidi ya miaka mia. Injini yake hupoteza sehemu kubwa ya nishati ya mafuta kama joto, na hita huchota humo humo. Dereva aliona joto ni la bure, kumbe alikwisha kulilipia kwenye kituo cha mafuta, na hewa ya wote ikalilipia tena. Mota ya umeme haina ubadhirifu huo. Joto linalotakiwa lazima litoke kwenye betri ile ile inayozungusha magurudumu. Kilomita zinapungua kwenye skrini, mbele ya macho ya anayezitumia. Wengi wanauita huo udhaifu wa gari. Ni ukweli uliocheleweshwa.

Mwanazuoni al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyapanga maslahi ya watu katika ngazi tatu: dharura, haja, na yale yanayoyapamba maisha. Mpangilio huo unaingia vizuri ndani ya gari lililozingirwa na theluji. Kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele ni dharura, kwa sababu asiyeona barabara anaua. Joto kwa mtoto mchanga au mzee ni dharura pia, na hakuna hesabu ya kilomita inayopaswa kulizima. Mtu mzima aliyevaa koti ana haja ya joto, na haja yake inatimizwa na kiti chenye hita, kinachotumia umeme kidogo sana kuliko kupasha hewa yote. Kuketi na fulana huku nje barafu imeganda ni pambo. Si dhambi, ila liitwe kwa jina lake.

Kiasi hakidai mtu ajitese. Anayelipasha gari na betri joto likiwa bado kwenye umeme wa nyumbani huondoka na joto na kilomita zake pamoja. Anayepunguza mwendo hushinda zaidi, maana hewa ya baridi ni nzito na ukinzani wake hukua haraka kuliko kasi.

Kwenye foleni kuna haki za wengine. Chaji ikipita asilimia 80 huingia polepole, hivyo anayeng'ang'ania 100 wakati wenzake wanatetemeka nyuma yake anakula muda usio wake, labda kama safari yake haiwezekani bila hiyo.

Watengenezaji nao wasiachwe. Kipimo cha Ulaya cha WLTP hufanyika maabara kwenye nyuzi joto 23, na namba hiyo ndiyo inayotangazwa. Nchini Norway, chama cha madereva NAF huyaendesha magari kwenye baridi halisi hadi chaji iishe, kisha hutangaza pengo lililopo kati ya ahadi na barabara. Namba ya baridi halisi inapaswa kuandikwa kando ya ile ya maabara, dukani, kabla mnunuzi hajatia saini.