Simfoni ya Kwanza ya Rachmaninoff iko wapi?

Wapenzi wa Sergei Rachmaninoff wakianza kubishana ni rekodi ipi ya Simfoni yake ya Kwanza iliyo bora, ubishi aghalabu huangukia dakika za mwisho. Sehemu ya nne imekuja mbio, tarumbeta zikilia kama za vitani. Kisha upatu mkubwa unapigwa na mbio zote zinakatika. Okestra inarudi kwa mwendo mzito, ikilitamka upya lile fungu fupi la nota lililofungua simfoni nzima.

Yevgeny Svetlanov, aliyeirekodi Moscow katika miaka ya 1960, anaubeba mwisho huo kwa uzito wa kutisha, ala za shaba zikiwa kali hadi ukingoni mwa kukwaruza. Vladimir Ashkenazy, mbele ya okestra ya Concertgebouw ya Amsterdam mwaka 1982, anafika hapo akiwa bado na moto wa mbio alizotoka nazo. André Previn na London Symphony, mwaka 1974, hana papara wala ukali: kila ala inasikika mahali pake. Shabiki wa Svetlanov atasema Ashkenazy ana haraka. Wa Ashkenazy atajibu kwamba Svetlanov anaburuza miguu. Kila mmoja anaamini kwamba anayemsikiliza ndiye mwaminifu.

Mwaminifu kwa kitu gani?

Kwa kazi nyingine za Rachmaninoff kuna pa kushika. Alipiga mwenyewe konserto zake za piano mbele ya vinasa sauti, na mwaka 1939 aliongoza rekodi ya Simfoni yake ya Tatu. Ya Kwanza hakuirekodi wala hakuwahi kuiongoza. Aliisikia ikipigwa na okestra mbele ya watu mara moja tu maishani, na siku hiyo ilimvunja.

Aliitunga mwaka 1895, akiwa kijana wa miaka 22. Ilipigwa Saint Petersburg Machi 1897 chini ya uongozi wa Alexander Glazunov, mtunzi mashuhuri ambaye kuongoza okestra hakukuwa kipaji chake. Mazoezi hayakutosha, na Glazunov alikuwa amekata baadhi ya vipande. Baadaye mke wa Rachmaninoff alidai kwamba Glazunov alikuwa amelewa, dai ambalo limezungumzwa sana bila kuthibitishwa. César Cui, mtunzi na mhakiki, aliandika kwamba laiti jehanamu ingekuwa na chuo cha muziki, na mwanafunzi mmoja akaambiwa atunge simfoni juu ya mapigo ya Misri, kazi ya namna hii ingewafurahisha sana wakazi wa huko. Kwa karibu miaka mitatu Rachmaninoff hakutunga kazi yoyote kubwa, mpaka daktari Nikolai Dahl alipomsaidia kwa matibabu ya maneno mwaka 1900.

Mwanafalsafa wa Marekani Nelson Goodman, katika kitabu chake cha 1968 kuhusu lugha za sanaa, alishikilia msimamo ambao wanamuziki wengi huucheka: nota moja ikikosewa, kilichopigwa si kazi ile tena. Akiruhusu kosa moja, alisema, itabidi aruhusu la pili na la tatu, na mwishowe kazi moja itageuka kuwa nyingine kabisa. Kwa kipimo hicho, usiku ule wa 1897 Simfoni ya Kwanza haikupigwa. Cui alihakiki kitu kingine, na Rachmaninoff aliumizwa na kitu kingine.

Hoja hiyo inajiangusha yenyewe. Mtu anayesema Glazunov aliiharibu simfoni anakiri kwamba simfoni ilikuwapo ili iharibiwe. Kuharibu ni namna mojawapo ya kukipiga kitu, kama vile kusema uongo juu ya mtu ni namna ya kumtaja yeye na si mwingine. Lakini kama simfoni haikuwa zile sauti zilizosikika ukumbini, basi ilikuwa wapi?

Jibu jepesi ni kwamba ilikuwa katika muswada. Historia ililijaribu jibu hilo bila huruma. Rachmaninoff aliondoka Urusi mwishoni mwa 1917 akauacha muswada nyuma, nao ukapotea. Mwaka huohuo alikuwa amemwandikia Boris Asafyev, mtaalamu wa muziki, kwamba hangemwonyesha mtu simfoni hiyo. Alifariki California Machi 1943. Mwaka uliofuata, katika maktaba ya chuo cha muziki cha Leningrad, zilipatikana karatasi za wapigaji, yaani zile ambazo kila mpigaji huwekewa mbele yake zikiwa na sauti ya ala yake peke yake. Karatasi ya klarineti haijui fidla zinafanya nini. Ya upatu ni hesabu ndefu ya kunyamaza. Hakuna hata ukurasa mmoja uliokuwa na simfoni, ilhali zote kwa pamoja, zikilinganishwa na nakala ya piano ya mikono minne, zilitosha kuijenga upya. Tarehe 17 Oktoba 1945 Alexander Gauk aliiongoza Moscow, na safari hii ukumbi ulishangilia.

Mwanafalsafa Mpolandi Roman Ingarden alikwisha kupendekeza njia ya kulieleza jambo hili. Kwake, kazi ya muziki si karatasi na wala si sauti za usiku mmoja. Ni kitu kilichokusudiwa na mtunzi, kinachotegemea maandishi bila kuwa maandishi, nacho kina mapengo ambayo kila upigaji huyajaza kwa namna yake. Nota inaagiza mwendo wa polepole sana, lakini haisemi huo upole una uzito gani, wala huzuni yake ni ya nani.

Katika simfoni hii mapengo hayo yana uzito wa kidini. Rachmaninoff aliipa kazi yake ule mstari wa Waraka kwa Warumi, sura ya 12, ambamo Mungu anatangaza kwamba kulipa kisasi ni kazi yake. Ni mstari uleule ambao Tolstoy aliutanguliza mbele ya *Anna Karenina*. Juu ya mstari huo Rachmaninoff alijenga muziki wenye mwangwi wa nyimbo za kale za Kanisa la Kiorthodoksi na wa *Dies irae*, wimbo wa Kilatini wa siku ya hukumu. Mtume Paulo anauleta mstari huo ili kumzuia mwanadamu: usilipize, mwachie mwenye haki hiyo. Lakini muziki unaweza kuimba hasira inayozuiwa au hukumu inayosubiriwa, na nota zinaruhusu yote mawili. Kwa Ashkenazy msikilizaji anamsikia mtu aliyedhulumiwa ambaye bado hajakubali kuiacha hasira yake. Kwa Svetlanov, baada ya upatu, hakuna mtu aliyebaki, na kinachoshuka kinatoka juu. Hizo ni tafsiri mbili za aya moja, na wafasiri wa Biblia wamegombana kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Je, mapengo yanajazwa na wapigaji tu? Mwaka 1940 Rachmaninoff alitunga kazi yake ya mwisho, *Dansi za Kisimfoni*. Kuelekea mwisho wa dansi ya kwanza aliliingiza lile fungu la nota la simfoni iliyopotea, safari hii likiwa tulivu, hasira yote imeondoka. Kiongozi wa okestra Ormandy na okestra yake ya Philadelphia walipoizindua Januari 1941, hakuna msikilizaji aliyetarajiwa kulitambua. Mtunzi alikuwa akizungumza na kumbukumbu yake mwenyewe. Baada ya 1945 nota zilezile, bila kubadilika hata moja, zilianza kusikika kama msamaha. Kipimo cha Goodman hakiwezi kueleza kilichobadilika hapo. Cha Ingarden kinaweza, mradi akubali kwamba wasikilizaji nao hujaza mapengo.

Lipo bado deni la kimaadili. Mtunzi alitaka simfoni ifichwe, na Gauk akaifichua. Kumtetea Gauk kwa sababu tu muziki ni mzuri hakutoshi, maana uzuri haumpi mtu ruhusa ya kufungua barua ya mwenzake. Utetezi wenye nguvu zaidi unatoka katika zile *Dansi*: mtu aliyeikana kazi yake kabisa hairudii miaka 45 baadaye katika kazi yake ya mwisho, tena kwa upole namna ile.

Ndiyo maana rekodi ambayo anayeanza anastahili kuitafuta kwanza ni ya Philadelphia chini ya Yannick Nézet-Séguin, iliyotoka mwaka 2021 na kuziweka simfoni na *Dansi* pamoja. Svetlanov anatisha kuliko yeye, na Ashkenazy ana moto zaidi. Lakini okestra hii ndiyo iliyozindua *Dansi* mwaka 1941, na ndiyo iliyoipiga simfoni kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1948, chini ya Ormandy yuleyule. Katika albamu hiyo msikilizaji anaweza kusikia kisasi, kisha akasikia mtunzi huyohuyo akikiacha, na akaamua mwenyewe kama Svetlanov na Ashkenazy walikuwa wakibishana juu ya kitu kimoja.