Je, Taa Nyekundu Yapasa Kutiiwa Siku Zote?

Ndugu msomaji mpenzi, huenda ukashangaa kuona gazeti la dini likizungumza habari za taa za barabarani. Lakini dini ya Islam haikuiacha njia bila mafundisho. Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. alifundisha kwamba njia ina haki zake, na mojawapo ya haki hizo ni mtu kujizuia asiwaudhi wapitao. Tena akahesabu kuondoa njiani kitu chenye madhara kuwa ni sehemu ya imani. Basi ikiwa kuondoa mwiba ni imani, atajibu nini mbele ya Mola wake yule ambaye yeye mwenyewe amekuwa mwiba katika njia ya watu?

Swali letu ni hili: Je, dereva wa gari na mwendesha baiskeli wapaswa kuitii taa nyekundu siku zote, hata usiku wa manane, hata njia ikiwa tupu? Wako wasemao, "Taa iliwekwa kwa ajili ya mtu, mtu hakuumbwa kwa ajili ya taa. Nikiona kwa macho yangu kwamba hapana gari, ya nini nisimame?" Neno hili lina sura ya hoja, nasi twapaswa kulipima kwa haki.

Kwanza tutazame taa hizi zilianzaje. Mwaka 1868, mjini London, karibu na majumba ya Bunge, ulisimamishwa mlingoti wenye mikono ya kutoa ishara mchana, na taa za gesi za rangi nyekundu na kijani kwa usiku. Ishara hizo ziliigwa kutoka katika reli. Mwanzoni mwa mwaka 1869 gesi ikalipuka, askari aliyekuwa kazini hapo akajeruhiwa, na jambo lile likaachwa. Mwaka 1914 taa za umeme zikawekwa Cleveland, nchini Marekani. Na mwaka 1920 askari polisi wa Detroit, William Potts, akatengeneza taa ya rangi tatu kwa ajili ya njia panda. Kabla ya hapo, penye msongamano pasipo askari, njia ilikuwa ya mwenye nguvu: mwenye gari kubwa alipita, na mnyonge alingoja. Taa ikaleta zamu. Mbele yake tajiri husimama sawasawa na maskini, na lori husimama ili mtoto wa shule avuke.

Hapa ndipo ilipo siri ya jambo hili. Taa nyekundu uionayo wewe haiko peke yake. Wakati huohuo, upande wa pili, mwenzio ameoneshwa taa ya kijani, naye ameambiwa, "Pita, umepewa amani." Nyekundu yako ndiyo kijani yake. Ukiipita yako, umeifanya yake kuwa uongo. Kwa hiyo kusimama kwako ni ahadi uliyompa mtu usiyemjua, naye ameiamini hata akauweka uhai wake juu yake. Kurani Tukufu yatuamuru kutimiza ahadi, na yatuonya kwamba ahadi itaulizwa (17:35). Wala haikusema kwamba ahadi huulizwa mchana tu, au pale tu penye askari.

Ama yule asemaye, "Nimetazama, hapana mtu," na ajiulize: macho yake yameona nini? Yameona yaliyopo, hayakuona yanayokuja. Gari liendalo mwendo wa kilometa 50 kwa saa hukata karibu meta 14 kwa kila sekunde moja. Kufumba na kufumbua, lililokuwa nyuma ya ukuta wa nyumba limekwisha kufika katikati ya njia panda. Na mwenye kijani hapunguzi mwendo, maana ameahidiwa njia. Zaidi ya hayo, ikiwa hoja ya njia tupu ni halali kwako, ni halali kwa kila mtu. Basi usiku wa manane watakuja wawili, kila mmoja amesadiki kwamba yuko peke yake, nao watakutana palepale katikati.

Mwendesha baiskeli naye ana udhuru wake. Husema, "Mimi ni mwepesi, siwezi kumwua mtu; nikikosea nitaumia mwenyewe." Ni kweli kwamba baiskeli si sawa na lori, wala hatari zake hazilingani. Lakini mzee avukaye polepole kwa mkongojo aweza kuangushwa na baiskeli na kuvunjika nyonga. Na dereva atakayemgonga mwendesha baiskeli huyo, ijapokuwa hana kosa, atabeba majonzi ya damu ile maisha yake yote. Tena nafsi yako si mali yako uichezee; ni amana ya Mwenyezi Mungu.

Hata hivyo, ziko nchi ambazo sheria yenyewe imewafungulia mlango waendesha baiskeli. Katika jimbo la Idaho, Marekani, ilipitishwa sheria mwaka 1982 kwa ajili yao. Na kwa jinsi ilivyo leo, mwenye baiskeli akifika penye taa nyekundu husimama kwanza, humpisha kila mwenye haki ya njia, kisha huruhusiwa kuendelea. Mjini Paris, tangu mwaka 2012, viliwekwa katika baadhi ya njia panda vibao vinavyomruhusu mwenye baiskeli kukata kulia ijapokuwa taa ni nyekundu, mradi awapishe waendao kwa miguu. Vilevile askari wa usalama barabarani akikupungia mkono upite, mkono wake hushinda taa. Na sheria za nchi nyingi huyapa nafasi magari ya wagonjwa na ya zimamoto, nayo hupiga king'ora na kupita kwa hadhari.

Je, hayo hayavunji kanuni tuliyoieleza? La, hasha! Yanaithibitisha. Msafiri hupunguza sala, na mgonjwa hufuturu akalipa siku nyingine, lakini ruhusa hizo alizitoa Mwenye sheria. Hakuzibuni mtu mwenye uvivu. Basi hata katika jambo hili tuulize: ni nani aliyefungua mlango? Ukiwa umefunguliwa na sheria, pita na ushukuru. Ukiwa umefunguliwa na haraka yako, jua kwamba umevunja mlango wa watu.

Msomaji aweza kuuliza: Itakuwaje ikiwa taa haibadiliki kabisa? Ziko taa zinazotambua gari kwa nyaya zilizofukiwa chini ya lami, na mara nyingine hazitambui baiskeli, hata mwenye nayo akangoja bure. Huyo ana njia isiyo na dhambi: ashuke, aikokote baiskeli yake, avuke kama mwenda kwa miguu mahali pa kuvukia. Na ikiwa pana hatari ya kweli ya uhai, Islam yajua dharura. Lakini dharura hupimwa kwa kipimo chake, wala haikupi ruhusa ya kuihatarisha damu ya mwingine. Kuchelewa kazini si dharura. Abiria kukugombeza si dharura. Mwenda pole hajikwai.

Wenye mamlaka nao wanao wajibu wao. Inasimuliwa kwamba Hadhrat Umar r.a. alihofu kuulizwa na Mwenyezi Mungu hata kwa ajili ya mnyama atakayejikwaa katika njia za Iraki isiyotengenezwa. Basi taa iliyoharibika ikaachwa miezi mingi, au iliyopangwa vibaya hata watu wakakata tamaa nayo, ni deni juu ya waliopewa kazi hiyo. Raia amepaswa kutii wenye mamlaka (4:60), na mwenye mamlaka amepaswa kuifanya sheria iwe yenye kutiika.

Wala usidhani kwamba twazungumza jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki. Si wote waliouawa penye taa. Lakini kila mmoja alikuwa na mtu nyumbani aliyemngoja. Kurani Tukufu yafundisha kwamba mwenye kuua nafsi moja bila ya haki ni kama ameua watu wote, na mwenye kuiokoa moja ni kama ameokoa watu wote (5:33). Mguu wako ukikanyaga breki kwa wakati wake, huenda umeokoa nafsi ambayo hutaijua hata Siku ya Kiyama.

Mwisho, ndugu msomaji, fikiri juu ya mwenye kufunga. Chumbani mwake pana maji baridi, hapana amwonaye, wala hanywi. Kwa nini? Kwa kuwa ajua kwamba Mola wake yu pamoja naye. Uchaji huohuo ndio unaomsimamisha mtu mbele ya taa nyekundu saa nane ya usiku, pasipo askari wala kamera. Ngoja dakika yako moja. Mkumbuke Mwenyezi Mungu ndani yake, na umwombee heri huyo apitaye mbele yako kwa amani.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watu ambao wengine husalimika na mikono yao, ndimi zao na magurudumu yao. Amin.