Shule Ikifungwa, Nyumba Yake ni ya Nani?

Shule ikikosa wanafunzi, au ikifungwa kwa amri, kengele hunyamaza lakini kuta hubaki. Msomaji, wewe uketiye katika darasa ambalo hukulijenga, yakupasa kujiuliza: kuta hizo ni mali ya nani, na zifaa kutumiwa kwa kazi gani?

Wako wasemao kwamba nyumba ni ya yule aliye na ufunguo. Fikiri habari za Githunguri, huko Kiambu. Mwaka 1939 chuo cha walimu kilifunguliwa hapo, nacho kilikuzwa kwa michango ya raia. Marika mbalimbali yalitoa fedha, na wanawake walichanga kwa ajili ya bweni la wasichana. Haba na haba ikajaza kibaba. Mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ya kikoloni ilikifunga chuo hicho, na mahali pale pa elimu pakageuzwa kuwa gereza na mahali pa kunyongea watu. Ufunguo ulikuwa mkononi mwa serikali, lakini haki haikuwa pamoja nao. Kilichotolewa kwa ajili ya watoto kilitumiwa kuwaua baba zao.

Je, basi shule iliyofungwa isitumiwe kwa kazi nyingine yoyote? Sivyo. Nyumba isiyokaliwa huvuja, mchwa hula paa lake, na jasho la wazee hugeuka vumbi. Kuiacha ioze ni dhuluma pia. Katika mji wa Muroto, nchini Japani, watoto walipungua hata shule moja ya msingi ikafungwa. Mwaka 2018 ilifunguliwa tena, safari hii kuwa nyumba ya kuonyeshea samaki. Bwawa la kuogelea la wanafunzi likatiwa kasa na papa, na samaki wengi hutoka katika nyavu za wavuvi wa pale pale. Kazi imebadilika, lakini wenyeji hawakufungiwa mlango, na aingiaye hutoka amejifunza jambo.

Kwa hiyo ufunguo ni amana. Aliyekabidhiwa aandike kwanza kila dawati na kila bati, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Kisha awaulize wenyeji. Mwisho apime shauri lake kwa swali hili: lau waliochanga wangeyaona matumizi haya, wangefurahi au wangelia? Wafu hawajibu, lakini nia yao husomeka katika kile walichokijenga.

Nawe, msomaji, siku moja utakabidhiwa ufunguo wa mali ya watu. Siku hiyo ikifika, usiulize tu kama mlango wafunguka. Uliza pia ulijengwa kwa ajili ya nani.