Kushuhudia kiapo si kushangilia tu

Januari 20, 2009, watu waliokadiriwa kufikia milioni 1.8 walifurika Washington, katika baridi ya chini ya nyuzi sifuri, kumshuhudia Barack Obama akiapa. Wengi waliambulia kumwona kwenye skrini. Siwabezi, Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa rais si jambo dogo. Ninachojiuliza ni hiki: ushahidi wao uliishia wapi?

Siku mbili baadaye alitia saini amri ya kuifunga jela ya Guantanamo ndani ya mwaka mmoja. Akaondoka madarakani mwaka 2017, jela ingali na wafungwa. Umati ule ulikuwa wapi?

Ndugu msomaji, kuvumilia baridi ya siku moja ni rahisi. Anayesikia kiapo kisha asifuatilie ahadi, huyo kwangu ni mtazamaji, si shahidi.