Ndoo ya Maji Katika Pato la Taifa

Septemba 2014 Kenya ilitangaza kwamba uchumi wake ulikuwa mkubwa kuliko ulivyodhaniwa, kwa takriban asilimia 25. Hakuna mkulima aliyevuna zaidi wiki ile. Watakwimu walikuwa wamehamisha mwaka wa msingi kutoka 2001 hadi 2009 na kuziingiza shughuli ambazo hesabu za zamani hazikuzigusa ipasavyo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akisikia habari hii huuliza: walitudanganya zamani, au wanatudanganya sasa?

Nalipenda sana swali hilo. Wala hakuna aliyedanganya. Pato la taifa halikuwa limesimama mahali, kama Mlima Kenya, likingoja mtu aje kulipima urefu. Ni jumla ya mambo ambayo watu walikaa wakakubaliana kuyahesabu, na pengine wangeweza kukubaliana vingine.

Wanafunzi wengi wa uchumi huhitimu bila kuambiwa kwamba mabishano kuhusu nini kihesabiwe yalifanyika kwa sehemu hapa Afrika. Mwaka 1941 Phyllis Deane, mchumi kijana Mwingereza, aliajiriwa London kujaribu kukadiria pato la makoloni, yakiwemo Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, yaani Zambia na Malawi za leo. Vita vilipokwisha alikwenda mwenyewe vijijini. Akaona kwamba kuacha kuni zinazookotwa na chakula kinachoandaliwa na wanawake ni kuacha sehemu kubwa ya maisha aliyotumwa kuyapima. Hoja yake haikushinda. Mfumo wa kimataifa wa hesabu za taifa uliotoka 1953 uliziacha nje kazi za nyumbani zisizolipwa.

Ulipohuishwa 1993, mfumo huo ulikubali kwamba kuchota maji na kutafuta kuni kwa matumizi ya kaya ni uzalishaji. Kupika, kufua na kulea vikabaki nje. Kwa hiyo mama akibeba ndoo kutoka kisimani anazalisha, lakini akiitua, akabandika sufuria, akasonga ugali kwa maji yaleyale, kwa kanuni hiyo ameacha kuzalisha. Mpaka wa uchumi unapita mlangoni pa jiko lake. Darasani, hapa ndipo ninapopenda tukae muda mrefu, maana nusu ya wanafunzi wamewahi kuibeba ndoo hiyo wenyewe na hawakujua kwamba kuna kamati iliyokaa kuijadili.

Mbinu zenyewe za takwimu hazina shida kuzifundisha. Kompyuta hukokotoa rigresheni kabla mwanafunzi hajamaliza kupiga miayo, na nyota za umuhimu wa kitakwimu hujipanga kwenye jedwali. Tatizo huja baada ya hapo. Mwanafunzi mwerevu, akishagundua kwamba nyuma ya kila namba kuna uamuzi wa mtu, huruka upande wa pili na kusema: basi namba zote ni maoni tu. Hili linanihuzunisha kuliko kuziamini namba bila kuuliza, kwa sababu linaonekana kama hekima. Tukizitupa namba, atakayesikika ni mwenye sauti kubwa mkutanoni, na mwenye sauti kubwa kwa kawaida siye aliyebeba ndoo.

Tazama kilichofuata. Kazi ile iliyoachwa nje ilianza kuonekana pale watu walipohesabu zaidi. Tanzania iliingiza maswali ya matumizi ya muda katika utafiti wa nguvukazi wa 2006, na tena 2014. Watu wakaulizwa saa zao zinakwenda wapi. Uchovu ambao kila kaya iliujua ukapata safu yake kwenye jedwali, na safu ya jedwali inaweza kupelekwa kwenye kikao cha bajeti ikajibiwa.

Ndiyo maana siridhiki na mtihani unaoishia kwenye neno "kokotoa". Natamani swali liendelee: umepewa dodoso la kaya moja ya wilaya ya Kishapu, Tanzania, lenye nafasi ya maswali kumi tu, utauliza nini, utaacha nini, na nani hataonekana kwenye matokeo kwa sababu ya ulichoacha? Jibu lake halipatikani nyuma ya kitabu. Kulisahihisha kunakula muda, hasa darasa likiwa na wanafunzi mia tatu, na muda huo sisi walimu tunapaswa kuudai kwa wakuu wetu kwa nguvu ileile tunayodaia kompyuta.